Hisa za Maziwa na Lori la Baba Swabur

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo nimekuwa tajiri wa ng'ombe! Ng'ombe wenyewe sijawaona na sitawaona, lakini nina sehemu yangu. Nimenunua hisa za kampuni ya maziwa ya Nairobi kwa simu, nimekaa kwenye stuli yangu hapa mpakani, mkono mwingine unambadilishia mteja shilingi za Uganda.

Hizi ndizo pesa za lori. Mimi na Dauda tumekula maharagwe miaka mingi kwa ajili yake. Mume wangu anaendesha lori la mtu, Tororo hadi Juba, mgongo wake umekwisha na tajiri ananenepa. Sasa kuna mzee Tororo anauza lori lake kuukuu. Amesema Dauda atoe malipo ya kwanza akirudi safari hii, la sivyo linakwenda kwa mwingine. Zetu hazijatimia, bado kidogo tu. Hisa zitajazia.

Dauda kwa simu: bondi hataki hata kuzisikia, ni riba. Hisa sawa, ni kushirikiana, na maziwa si pombe. Lakini je, bei ikishuka? Nikatoa sauti ya mtaalamu: Baba Swabur, hisa hazitaki pupa, unanunua unatulia. Maneno hayo niliyasikia redioni asubuhi nikiosha sufuria. Amefurahi sana.

Jumatano, 3 Septemba

Imeshuka! Kidogo, lakini imeshuka. Nimeuza zote.

Mimi nimeanza kubadilisha pesa hapa kabla sijaolewa, na sheria yetu sote wa stuli ni moja: usilale na noti inayoshuka. Asubuhi unanunua, jioni unauza, unakwenda nyumbani na faida kwenye sidiria. Nairobi wana sheria gani nyingine?

Mchana — imepanda tena. Nimenunua tena. Bei juu kuliko niliyouzia. Aka!

Ojiambo wa stuli ya jirani kaniuliza mbona nagombana na simu kama mke mwenza. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. Yeye ameikopesha serikali ya Uganda pesa zake, bondi, hata hajui leo ni bei gani. "Mimi nalala, dada. Serikali ndio anakesha."

Mvivu yule.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeuza. Nimenunua. Nimeuza.

Sasa mpaka mzima unajua, nimekuwa mwalimu. Mama mmoja kauliza: ni afadhali bondi, au ule mfuko ambao watu wanachanga na meneja anawanunulia vitu mbalimbali? Nikasema, inategemea. Jibu tamu jamani! Kaenda zake ameridhika. Mwingine: niweke zote kwenye kampuni moja au nizitawanye? Inategemea. Benedeta muuza samaki ndiye kanishinda. Anauliza, ukiwa na hisa za maziwa, maziwa yenyewe wanakuletea lini? Nikamwambia hawaleti. Kasema basi nimeibiwa, na ataniombea.

Jumamosi, 6 Septemba

Soko la hisa limefungwa. Jumamosi! Hapa Busia leo huwezi kupitisha hata toroli, wao wamelala. Nimeshinda naangalia bei isiyosogea ya hisa nilizonunua tena jana. Mchuzi umeungua. Swabur kala mkate.

Alhamisi, 11 Septemba

Redio imesema hisa za maziwa zimepanda wiki nzima. Nikafungua akaunti nifurahi. Pesa zimepungua.

Nikadhani nimesoma vibaya. Nikafunga, nikafungua. Zimepungua! Nikampigia dalali wetu Nairobi, binti anaitwa Winfred, sauti ya asali. Nikamwuliza kwa adabu nani kati yenu kaniibia. Akasema hakuna mwizi, mama. Ukinunua unakatwa kamisheni, ukiuza unakatwa, na wewe umenunua na kuuza kama mtu anayepepeta karanga. Ungeziacha tu, leo ungekuwa na faida.

Ningeziacha tu! Mimi, Rehemah, ninayelisha mtoto kwa kuwakata watu kidogo kidogo wakivuka mpaka, nimekatwa kidogo kidogo na kibinti cha Nairobi, na kila mara nilibonyeza "ndiyo" mwenyewe! Nimecheka peke yangu hadi mteja akaondoka. Halafu nimekwenda chooni nikalia, maana malipo ya lori sasa hayafiki hata ukiyavuta.

Ojiambo hakucheka. Hilo ndilo limeniogopesha. Akasema tu, "Dada, pesa ya wiki mbili unaweka kwa hisa ya nini? Hisa inataka ile pesa ya kungoja. Mwambie mumeo leo, kabla hajafika."

Jioni Dauda kapiga akiwa Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Lori ameshalichagulia jina. Anataka liandikwe Swabur mbele na Subira nyuma. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Jumapili, 14 Septemba

Yuko Tororo, kesho anafika. Nimesuka nywele. Sijui nywele zinahusu nini.

Jumatatu, 15 Septemba

Naandika jikoni nimesimama, daftari juu ya pipa la unga.

Asubuhi nimeuza zote za mwisho, nibaki na kitu cha kumwonyesha. Maneno yangu nimeyapanga tangu alfajiri. Baba Swabur, keti. Baba Swabur, usipige kelele, mtoto anasoma. Astaghfirullah, nilikuwa tayari kabisa!

Kaingia, lakini hakuja peke yake. Madereva wenzake wamemfuata, wamevua viatu mlangoni, wana heshima kama wamekuja kuposa. Kila mmoja na bahasha yake. Oketcho wa kule Mwello ameuza dume lake la kulimia. Wanataka shemeji awawekee kwenye maziwa.

Kumbe njia nzima kutoka Juba amekuwa akinisifu! Nimejificha huku eti chai haijaiva. Chai imeiva zamani, inakauka.

Pazia ni jepesi, nasikia yote. Oketcho anauliza, na bei ikishuka, shemeji anafanyaje? Mume wangu anajibu taratibu, kwa sauti ya mtaalamu: "Mke wangu hauzi. Hisa hazitaki pupa, ndugu yangu. Unanunua, unatulia." Wanaitikia eee, eee. Mmoja anasema kweli Dauda umeoa.

Naogopa. Wallahi naogopa kuliko siku ya kuzaa. Na hapo hapo kuna shetani mdogo ananong'ona: zichukue hizo bahasha, lori lipatikane kesho, hao utawarudishia polepole. Nimemtia maji ya moto shetani huyo lakini hajafa.

Simu imetetemeka kwenye unga. Zile nilizouza asubuhi zimepanda. Mtume!

"Mama Swabur! Njoo uwaeleze wageni!"

Nimemjibu aje kwanza yeye, aje peke yake, anisaidie sinia. Sinia lina vikombe vitano na kisahani cha karanga, hata Swabur angelibeba. Sasa nasikia ndara zake kwenye korido, anakuja, na bado anawachekea wenzake kule nyuma. Nafunga daftari: Baba Swabur, keti.