Pikipiki Iliyobaki kwa Huzaifa

Kwa mdogo wangu Eridadi, mla mshahara wa Kampala,

Nimenunua pikipiki mpya, inang'aa mpaka padre anaitamani. Haya, ni uongo. Nimenunua kuukuu, kwa Huzaifa muuza pikipiki pale Bwera.

Huku Kyarumba kahawa imekauka na mbuzi wa shemeji yako Enid amezaa mapacha. Pesa ya pikipiki mpya nilikuwa nayo, na Kasese nilishachagua nyekundu. Bwera nilipita kulinganisha bei tu. Nikaona moja kiti chake kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Mshono mbaya namna ile ni wangu peke yangu. Ilikuwa ya mwanangu Fred, ile tuliyouza baada ya kumzika.

Huzaifa akasema, "Mzee, wacha hii, iko inakula oili. Kanunue mpya."

Nikamjibu, "Na mdomo wako iko unakula biashara yako." Watu wakacheka. Nikalipa, nikaiacha palepale.

Nilipomwambia Enid, aliuliza kama kiti bado ni kile. Nikasema ndiyo. Akarudi kuchambua maharage.

Sasa ni wiki ya tatu. Nimekwenda kuichukua mara mbili, nikarudi bila pikipiki. Siwezi kukaa pale mbele alipokaa Fred, na kahawa inangoja kubebwa sokoni.

Sanduku lako la harusi nililibeba kichwani kutoka Nyakiyumbu mpaka huku juu, na hukuninunulia hata soda. Basi njoo Jumamosi uniendeshee mpaka nyumbani. Mimi nitapanda nyuma, nilikozoea.

Kaka yako, mzuri kukuzidi,
Kambale