Donati Zilizovunjika

Mwanangu Esta,

Marahaba. Mimi mzima. Tangu nihamishie meza yangu huku machimboni Geita, donati zangu za nanasi hazijawahi kulala bila kununuliwa. Nanasi nalikausha kwanza jikoni, maana likibaki na maji unga hauumuki. Naoka kwa makaa chini na juu ya mfuniko, kisha napaka sukari laini niliyokoroga na limau. Wachimbaji wanazila palepale mezani, wanalamba vidole kama watoto.

Sasa mwanangu, hili naona haya hata kuliandika. Ulisema mumeo Maduhu amefungua ofisi ya kununua dhahabu. Wiki iliyopita alikuja mezani kwangu, vumbi mwili mzima.

"Mama, hizo zilizovunjika unazitupa?"

Hakuinua macho. Nami mkwe wangu ningemtazamaje? Nilijifunika khanga usoni, nikamfungia zilizovunjika kwenye gazeti, nikashukuru Mungu kwamba hakunitambua. Tangu hapo anakuja kila siku. Kila siku navunja nzima chache makusudi.

Jana nilimchungulia. Wenzake walikula mezani kama kawaida. Yeye alichukua gazeti lake, akazunguka nyuma ya ukuta, akala huko peke yake. Unajua kwetu ni nani asiyekula mbele yangu: mume wa binti yangu.

Kumbe ananijua, Esta. Ananijua, na njaa bado inamleta.

Mwite arudi nyumbani kwenu Ngokolo. Sema umemkumbuka. Mimi usinitaje.

Mama yako,
Serafina