Picha ya Nguzo ya Tano

Dada yangu mpenzi,

Kabla ya salamu, nakusihi: soma barua hii ukiwa peke yako, mlango umefungwa, na neno lake lisivuke kinywa chako. Hata mama asijue. Shemeji pekee ndiye utakayempa, tena baada ya kufika mwisho.

Hujambo? Watoto hawajambo? Kikohozi cha yule mdogo kimepoa? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi na mimi hatusalimiani tena.

Barua yako niliipata. Unaniuliza mimi, niliye ofisi moja na mumeo, kama kweli alitunga uongo ili anunuliwe kamera mpya, hata akasimamishwa kazi. Unasema jirani anamwita mzamia soga. Nilipofika hapo nilipiga meza hadi chai ikamwagika.

Kazi yetu unaijua. Shemeji anazamia kwenye nguzo za daraja na kupiga picha. Mimi nazipanga na kuandika ripoti. Kamera yetu ni ndogo, inaenea kiganjani, ndani ya kasha la plastiki. Kwenye maji safi haina neno. Kwenye tope, taa yake iko karibu mno na lenzi: inamulika chembe zinazoelea badala ya nguzo, na picha inatoka kama mtu amerusha unga. Tangu mwaka juzi shemeji anaomba kubwa, yenye taa kwenye mkono wa pembeni. Mkuu wetu humjibu kwamba asiyejua kucheza husingizia uwanja.

Miezi miwili iliyopita duka lilituazima hiyo kubwa kwa siku tatu. Shemeji akazamia na zote mbili, nguzo zile zile. Nikaagizwa nilinganishe, kisha nipendekeze kama tubadilishe au tubaki na ndogo. Dada, picha zilijisema zenyewe. Lakini kabla sijaandika mstari, Mkuu alikuja akaegemea meza yangu, akasema ameshawaambia wakubwa kuwa vifaa vyetu vinatosha, kilichobaki ni karatasi ikubaliane naye. Halafu akaniuliza muda wangu wa majaribio kazini unaisha lini. Alijua vizuri unaisha lini, mshenzi yule.

Nikaandika kwamba ndogo inatosha.

Juma lililopita mumeo aliibuka kutoka nguzo ya tano, hata miwani hajavua, akasema chini kuna shimo. Ameingiza mkono mpaka begani na hakugusa mwisho. Tukafungua picha: unga mtupu. Mkuu akacheka, akamwambia shimo liko kichwani mwake. Akaleta ripoti yangu, akaonyesha picha safi ya nguzo ile ile, akasema kamera ndogo ndiyo iliyopiga hii, basi kilichoharibika ni macho ya mzamiaji au ulimi wake. Shemeji akaitazama, akasema hiyo ni ya kamera ya kuazima. Wote wakanigeukia.

Dada, keti. Nilisema ni ya kamera ndogo. Wala sikugugumiza. Shemeji hakunitukana; aliniita shemeji, kama siku zote, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Picha ile niliiweka mimi, kwa amri ya Mkuu. Sehemu ya chini ulionekana mkono wa taa, ungetuumbua, nikaukata. Kwenye kipande hicho nilichokata, nguzo inapoingia kwenye tope, kulikuwa na weusi mpana kama mlango wa tanuri. Niliuona. Nikajiambia ni kivuli, maana kivuli hakihitaji ripoti. Miezi miwili watoto wako wamevuka daraja hilo kwenda shule, juu ya shimo lile.

Nina hasira na Mkuu mpaka meno yananiuma. Nina hasira na wewe pia, samahani, uliyenilea niitikie kabla ya kuitwa. Iliyobaki yote ni yangu.

Leo asubuhi nimempelekea mhandisi wa barabara picha nzima, nikaandika chini ni nani aliyeikata na kwa nini, nikatia sahihi. Aliitazama, akanyanyua simu na kuagiza daraja lifungwe. Nakala imo humu. Ni ya shemeji.

Nisalimie watoto, uwabusu kwa niaba yangu. Mwambie jirani ameze soga yake.

Usipige simu ofisini; sirudi huko, na Mkuu ananitafuta. Niko kwa rafiki yangu fundi cherehani, barabara ya nyuma ya kituo cha zimamoto, ghorofa ya pili, mlango usio na namba. Usitume mtu. Njoo wewe, au aje shemeji mwenyewe, na kama anakuja kunizaba kofi, aje tu. Abishe hodi mara moja, nitafungua.

Mdogo wako,
Karani