Wakwe wa Mpakani: Kumkumbuka Muasya Kivuva

Leo asubuhi, umande haujakauka, mkeo Mwongeli alikuwa amepiga magoti kwenye mpaka wa shamba, chekeche mkononi, akichekecha udongo mahali kunde mwitu zako zilipokuwa zikitambaa.

Mwaka umetimia tangu tukulaze hapa Lukore, upande wa chini wa nyumba, karibu na mpaka.

Ulikuwa mtu wa alfajiri. Maganda ya kunde mwitu yakikauka juani hupasuka na kurusha mbegu, kwa hiyo uliyachuma yakiwa na umande, ukayatia kwenye kofia yako. Mbegu zake zilikuwa ndogo, nyeusi, ngumu, hakuna aliyezila.

Jirani yetu Chome alikuchokoza kila alipopita: "Bwana Muasya, wenzio wanafuga mbuzi, wewe wafuga magugu."

Hukupandisha sauti. "Si magugu, Chome. Ni wakwe zangu. Siku ya shida, kwao ndiko nitakakobisha hodi."

Twaiba, binti mtafiti wa mimea kutoka Kwale, alichukua majani na mbegu chache akazipime. Aliporudi alikuamkia, kisha akakueleza kwamba kunde za soko la Kombani karibu zote ni za tumbo moja. Ugonjwa ukimweza mmoja, umewaweza wote. Lakini za mpakani kwako na zile mwitu za kijiji cha Bodo zilikwisha kuachana ukoo zamani mno.

"Kumbe ni binamu," ulisema. "Ndiyo maana hawagombani."

Twaiba alicheka, kisha akakueleza jaribio lake. Alikuwa amezipanda zote penye udongo mgonjwa. Za Bodo zilioza shina. Zako zilisimama, ila alizing'oa kukagua shina kabla hazijazaa. Akakuomba mbegu nyingine za kuzalishia kunde zisizougua, ukamwahidi za msimu uliofuata. Hukuufikia.

Ulipofariki, Chome aliwakusanya majirani wakafyeka mpaka wote na kuuchoma, usizikwe penye kichaka. Walifanya kwa upendo. Mwongeli aliwashukuru.

Sasa kunde zinageuka manjano na kuoza kuanzia chini ya shina, shamba baada ya shamba, na ugonjwa unapanda kuja huku kwetu. Kwa Chome hakukubaki kitu. Jana alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Kavenya, wale wakwe wa marehemu hawakuacha hata mtoto?"

"Twaiba anasema mbegu zao hulala ardhini muda mrefu," Mwongeli alimjibu. "Njoo kesho, tutafute."

Leo yeye na Chome wamechekecha pamoja tangu umande hadi jua likashuka. Hawajaona hata moja. Alipoinuka, Mwongeli alichuma jani la manjano kwenye mstari wetu wa kwanza wa kunde, akalifumba kiganjani asituonyeshe. Tuliliona.

Ameliegemeza chekeche kwenye kigingi, pale alipofikia. Kesho ataanzia hapo.

Unakumbukwa na mkeo Mwongeli, wanao Kavenya, Muange na Dianah, wajukuu wote, na jirani yako Chome. Wakwe zako tukiwapata, tutabisha hodi kwa jina lako. Hutatutoka moyoni kamwe.