Waliomba Mwiko

Kiritiri,
12 Septemba 1993

Kwako mama Winfred, mwalimu wa Mikinduri,

Nakutumia salamu kushinda mchanga unaobebwa hapa na malori. Mimi ni mzima, ni meno mawili tu yananisumbua. Wewe je, na kile kifua chako?

Nakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu, na kwa sababu leo nataka unisifu. Barua hii naandika na mkono wangu mwenyewe. Wale wazee tulisoma nao gumbaru, ile shule ya watu wazima, hakuna mwingine anafika ukurasa wa pili.

Mama, nimeshinda mwalimu! Mbaabu wa darasa la nane aliambia kila mtoto achonge mwiko, wa alama za Sanaa. Felicitas wako, huyu mjukuu ninayekaa naye, akaniletea kipande cha mti. Mwiko! Mkono kama huu uchonge mwiko? Nikachonga kiti cha miguu mitatu, gogo moja, hakuna gundi hakuna msumari. Akakipeleka. Unajua alipewa nini? Kumi na moja kwa thelathini. Tangu nizaliwe hakuna mtu amewahi kunipa kumi na moja.

Nikaenda shule. Sikubisha hodi. Nikainua kiti juu nikasema, "Hii ni kazi yangu mimi Kithaka! Nani hapa anaweza?" Mbaabu akaweka chaki chini. Felicitas alilia kidogo, nafikiri ni furaha. Siku hizi anapumzika nyumbani, ananisaidia na mbuzi.

Mimi baba yako asiyeshindwa,
Kithaka


Mikinduri,
20 Septemba 1993

Kwako Baba,

Nashukuru Mungu kwamba uko mzima. Hayo meno yang'olewe. Kifua changu kimepoa, na shule yetu inaendelea.

Baba, mtoto yule hakulia kwa furaha. Mimi ni mwalimu, najua Mbaabu aliuliza nini kabla ya kutoa alama. Aliuliza, "Umechonga mwenyewe?" Naye akajibu ndiyo. Halafu wewe ukaingia ukatangaza ni kazi yako, mbele ya wenzake wote. Wewe ulishinda, yeye akabaki pale.

Hapa nina stoo imejaa miiko. Mingine imenunuliwa sokoni, mingine imechongwa na akina baba kama wewe. Nikimwuliza mtoto kisu alikishika vipi, anaangalia chini. Nampa alama hivyo hivyo, maana mkaguzi akija anahesabu miiko, hahesabu waliojifunza. Sikutaka wangu awe mmoja wao.

Mtihani ni Novemba, na amesajiliwa hapo kwenu. Nikimhamishia huku, mwaka umepotea. Lakini kukaa na mbuzi pia ni kupotea. Kama hatakuwa amerudi darasani kufikia katikati ya Oktoba, nakuja kumchukua.

Ni mimi binti yako, nimekasirika na bado nakupenda,
Winfred


Kiritiri,
27 Septemba 1993

Mama Winfred,

Nimepokea salamu zako na viboko vyako. Sisi hatujambo. Meno bado yako, ni yangu.

Kumbe alichapwa kwa uongo, baada ya mimi kutoka. Sikujua. Lakini wewe mwalimu nijibu. Mzinga wangu wa kwanza wa nyuki, baba yangu alishika gogo upande mmoja, ndugu yangu upande wa pili. Hakuna aliyesema tumeiba. Huko kwenu, mtoto akimwonyesha jirani yake jibu, wanachapwa wawili. Hiyo ni elimu gani, ya kufundisha watu kufunika daftari na mkono?

Nimemwambia arudi. Ananiambia mimi babu yake, "Guka, wananiita Kiti. Sasa kila mtu anajua sijui kitu." Nikasema basi nitaenda kumwambia Mbaabu nilidanganya, kiti ni chako. Alinishika koti akapiga kelele, "Usiende tena!"

Usimchukue. Nyumba hii tangu mama yako afariki, sauti ni ya Felicitas tu.

Baba yako,
Kithaka


Mikinduri,
6 Oktoba 1993

Baba,

Natumaini mmeamka salama. Swali lako nimelibeba mpaka darasani. Lakini mtoto bado yuko nyumbani. Nimeomba ruhusa. Nafika Jumamosi tarehe kumi na sita. Mfungie nguo zake.

Winfred wako


Kiritiri,
13 Oktoba 1993

Mama Winfred,

Uko mzima? Sisi tuko. Hii nampa makanga wa matatu, ikufikie kabla hujatoka. Nguo sijafunga.

Jumatatu nilimwambia Felicitas, "Unaogopa kuchekwa? Njoo uone." Safari hii nilibisha hodi darasani. Mbaabu akashtuka, nafikiri alidhani nimeleta kabati. Nikamwambia, "Mwalimu, nipe hesabu hapo ubaoni, mbele ya hawa."

"Mzee, si lazima."

"Nipe."

Akaandika nusu, ujumlishe na theluthi. Rahisi! Juu, moja na moja ni mbili. Chini, mbili na tatu ni tano. Nikaandika mbili juu ya tano, kubwa kubwa. Watoto wakalipuka. Nikauliza, "Nani anakataa mbili na tatu ni tano?" Mmoja akalala juu ya deski kwa kucheka. Mama, masikio yaliwaka moto. Nilitaka kutoka, lakini Felicitas alikuwa mlangoni ananiangalia. Nikajaribu tena. Nikakosa tena.

Ndipo akaingia. "Guka, hizo si mbuzi unahesabu. Lete chaki." Akanionyesha pole pole mpaka ikawa tano kwa sita. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza, akaenda akaketi mahali pake. Nikatoka. Jana alienda peke yake. Leo pia.

Mbaabu amesema Felicitas atachonga mwiko hapo hapo darasani, na mimi nisiingie. Imenichoma. Nimekubali.

Kwa hivyo nimepata sufuri, mama, na Kiritiri yote hakuna mtu amewahi kupata sufuri kubwa kama yangu. Na nakuambia kitu hukufundishwa chuo. Mwalimu asimame pale mbele siku moja akiwa hajui, watoto wamwangalie. Ndio atajua amejenga darasa la namna gani. Jaribu na wako.

Njoo Jumamosi kula, si kuchukua mtu.

Baba yako,
Kithaka