Helmeti Iliyopakwa Rangi

Nyumba ya kona,
Nyuma ya gereji ya Baba.
Jumapili, tarehe 14, saa nne asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu, Fundi Lifti,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale wanao wawili, wameshazoea baridi au bado wanalala na soksi? Waambie shangazi yao anawabusu, na yule mdogo aache kula dawa ya meno.

Sisi ni wazima. Nalirudia neno hilo kabla hujaendelea kusoma: sote ni wazima. Kama umesimama, kaa kitako. Nina habari ambayo ilipaswa kukufikia wiki sita zilizopita. Sikukuambia, na kosa hilo ni langu.

Unakumbuka nilipokuomba picha ya risiti ya vile vifaa vya kuendeshea pikipiki ulivyomnunulia Chiriku, nikasema ni kwa ajili ya dhamana ya dukani? Niliongopa. Ilikuwa ni kwa ajili ya bima. Mdogo wetu alipata ajali ya pikipiki.

Ilikuwa Jumanne, saa nne na kitu asubuhi. Alikuwa anapeleka sampuli za damu kutoka zahanati kwenda maabara kuu, kazi yake ya kila siku. Gari dogo jeupe likachomoka kutoka kituo cha mafuta, dereva akiangalia upande mwingine. Chiriku akapita juu ya boneti, akaangukia ubavu wa kulia, na kichwa kikapiga ukingo wa barabara. Walioona wanasema mlio ulisikika mpaka ng'ambo, watu wakadhani tairi limepasuka.

Mimi nilikuwa maktaba ya shule, nabandika namba kwenye vitabu. Simu ikaita, sauti ngeni ikauliza, "Wewe ndiye Dada Kelele?" Hivyo ndivyo alivyoniandika kwenye simu yake, mshenzi yule. Nikataka kucheka. Kisha nikasikia king'ora nyuma ya ile sauti, nikaviacha vitabu nikatoka mbio.

Nilipofika hospitali alikuwa macho, anatazama dari. Mtulinga umevunjika, mbavu mbili zimepata nyufa, goti limechunika. Lakini ndugu yangu, kilichonitisha ni kwamba hakusema neno. Wewe unamjua Chiriku, hata usingizini anaongea. Siku ile na usiku wake wote alikuwa kimya. Nilimpigia hadithi zote ninazozijua, nikamtukana hata bosi wake, hola. Kesho yake asubuhi akafungua mdomo na kuuliza, "Sampuli zimefika?" Nikalia mpaka muuguzi akanitoa nje. Zilifika. Hata kichupa kimoja hakikuvunjika.

Yule muuguzi alinipa mfuko wa plastiki wenye vitu vyake. Jaketi lilikuwa limekatwa kwa mkasi, maana wasingeweza kulivua bila kuuvuta mkono. Glavu moja kiganja chake kilikuwa kimelika mpaka kwenye uzi. Buti lilikuwa moja tu, la pili liliachwa barabarani na hatukuliona tena. Na ile helmeti ya buluu, yenye mkwaruzo mpana kama kiganja, kuanzia nyuma ya sikio hadi kisogoni. Nilipitisha kidole kwenye ule mkwaruzo, kisha nikakipitisha kidole hicho hicho nyuma ya sikio langu. Sikurudia.

Sasa Mama. Unajua hali ya presha yake, na daktari alishatuonya kuhusu mishtuko. Baba akaamua, nami nikakubali, kwamba tumwambie Chiriku ameteleza kwenye matope, amejigonga bega, basi. Baba akaichukua ile helmeti, akasema anaenda kuihifadhi gereji. Sikufikiri zaidi.

Bima ya pikipiki ya kazini kwao ina kipengele cha vifaa vya kujikinga. Ukipata ajali wanakubadilishia kofia, jaketi, glavu na buti, mradi upeleke vilivyoharibika pamoja na risiti, na isipite siku thelathini. Nikajaza fomu kurasa saba. Wanauliza kila kitu isipokuwa jina la utani la bibi. Siku ya kwenda, Baba akasema atanisindikiza, naye akaja na helmeti kaifunga kwenye kitambaa kama mkate.

Ofisi yenyewe iko ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Kiti kimoja cha wateja mguu wake umetegemezwa kwa kitabu cha simu. Nikapanga vitu mezani mwa karani: jaketi vipande vipande, glavu, buti moja. Kisha nikafungua kile kitambaa.

Helmeti ilikuwa inang'aa! Huoni alama, huoni hata unywele wa mkwaruzo. Buluu safi, imepigwa vanishi, unajiona sura.

Karani akaigeuza, akanitazama, akacheka. "Dada, hii ndiyo iliyoanguka, au ndiyo inayokwenda harusini?"

Nikamgeukia Baba. Alikuwa anasoma bango la bei za bima kana kwamba ameandikiwa yeye. Hapo nikaelewa. Miaka thelathini na mitano ya kupaka magari rangi, mdogo wangu! Alikuwa ameipiga msasa, akaziba mkwaruzo kwa pati, akapuliza rangi tabaka tatu, Mama asije akaona ule mkwaruzo na kuuliza maswali.

Karani akaacha kucheka. Akaandika kwenye fomu, kwa herufi kubwa, HAKUNA UHARIBIFU, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kuleta kifaa kizima na kudai kimeharibika kuna jina lake kisheria. Baba yetu, ambaye akiokota kalamu ya mteja kwenye gari anamfuata nayo mpaka nyumbani kwake, leo anaitwa tapeli mbele ya watu waliopanga foleni.

Nadhani sauti yangu ilipanda (Dada Kelele, si ndiye?), kwa sababu mlango wa ndani ulifunguka akatoka mkaguzi wao, mama mmoja wa makamo, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Hakuuliza kelele za nini. Aliichukua helmeti, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akagonga upande wa pili. Akainusa. Kisha akaitazama mikono ya Baba, zile kucha zenye rangi ambayo haitoki hata kwa petroli.

"Mzee, hii kazi ni yako?"

"Ni yangu," Baba akasema. "Nilitaka mama yao asione."

"Umeifanya vizuri mno," yule mama akasema, na sauti yake haikuwa ya kusifu.

Akachomoa kile kitambaa laini cha ndani. Chini yake kuna sponji ngumu nyeupe, kama ile inayofungiwa televisheni mpya. Akaniambia niweke kidole gumba nyuma, pale panapokaa kisogo. Kidole kilizama. Sponji ilikuwa imepasuka kutoka ukingoni hadi katikati, na upande mmoja imebonyea ikawa nyembamba kama biskuti. Akatueleza taratibu kwamba helmeti hufanya kazi mara moja tu. Ile sponji hujivunja yenyewe ili fuvu lisivunjike, na ikishajivunja, kilichobaki ni bakuli la plastiki. Ukianguka nalo tena, ni sawa na kichwa wazi.

Kisha akauliza, "Kuna mtu ameivaa tangu ajali?"

Mimi nilikuwa naanza kutikisa kichwa kusema hapana. Kisha nikamwona Baba. Alikuwa amekuwa na rangi ya majivu.

"Mzee?"

"Mama yao," akasema. "Nambeba kwenye pikipiki yangu kwenda kupima presha."

"Mara ngapi?"

"Mara tano. Ya tano leo asubuhi."

Ndugu yangu, fikiria. Barabara ile ile, mbele ya kituo kile kile cha mafuta! Mama yetu nyuma ya pikipiki, amejifunga mkanda wa kofia vizuri kidevuni, ana amani zake zote, na kichwani hana kitu. Baba aliutafuta ukuta kwa mkono, akaketi sakafuni, pale pale kati ya watu, na suruali yake ya kutokea. Sijawahi kumwona baba yetu amekaa sakafuni. Yule karani aliyemtisha ndiye aliyekimbia kumletea maji.

Madai yenyewe hayakwisha siku hiyo. Mkaguzi alisema kilichofichwa nje bado kinaonekana ndani, lakini lazima waulize. Baba akaandika maelezo kwa mkono wake, kurasa mbili, bila kujitetea hata mstari mmoja. Askari wa barabarani walitupa picha walizopiga siku ya ajali, helmeti ipo kando ya barabara na mkwaruzo wake. Hospitali wakaandika kwamba wao ndio waliokata jaketi. Baada ya siku kumi na mbili wakakubali helmeti, jaketi na glavu. Buti walikataa, kwa sababu tuliwasilisha moja. Chiriku anasema basi wampe la kulia tu.

Jaketi na vile vingine tulirudi navyo nyumbani, lakini ile helmeti hawakuturudishia. Mkaguzi alichukua mkasi aikate mikanda mbele yetu, isije ikavaliwa na mtu mwingine. Baba aliomba aikate yeye, yule mama akamwachia.

Lakini hayo yote ni madogo kuliko jioni ya siku ile ya ofisini. Nilidhani Baba ataniambia tuendelee kunyamaza. Hapana. Alifika, akavua viatu, akaingia jikoni moja kwa moja alipokuwa Mama anachambua mchele, akamwambia kila kitu. Gari jeupe, kichwa, ukingo wa barabara, siku nzima ya ukimya, rangi tabaka tatu, safari tano. Mimi nilisimama mlangoni na dawa zake za presha mkononi, nimeshafungua kifuniko.

Mama hakupiga kelele. Aliomba aletewe lile jaketi. Akalitandika kitandani, akavipanga vile vipande kimoja kimoja mpaka likawa jaketi tena, mkono hapa, bega pale. Alipofika kwenye pedi ya bega la upande uliovunjika aliishika muda mrefu. Kisha akasema, "Mficha uchi hazai. Mwanangu anachungulia kaburi, mimi naambiwa ameteleza." Na kwa Baba akaongeza, "Na wewe nilikushika kiuno njia nzima, nikijiona niko salama." Baba alilia. Mama akamwacha alie, kisha akampa kanga yake ajifute.

Kesho yake tulienda kumpima, kwa miguu. Presha ilikuwa imeshuka kuliko miezi yote ya mwaka huu. Muuguzi akapima mara mbili, hakuamini. Mama akamwambia, "Kumbe kilichokuwa kinaniua ni ile minong'ono yao jikoni."

Chiriku ameanza kazi juzi, nusu siku, na anaongea mara mbili kufidia siku aliyonyamaza. Anakushukuru kwa helmeti. Alitaka kukupigia simu, ikamshinda, akaniachia mimi. Nami nakushukuru, ingawa maneno sina. Uliponunua ile kofia nilisema ni ghali. Nisamehe.

Ni Mama aliyeniamuru nikuandikie, tena nisiruke kitu. Ananichungulia begani sasa hivi. Ana jambo lake la mwisho, nalo anataka liandikwe alivyolisema. Katika zile picha zako tatu za mwezi uliopita, mkono wako wa kushoto uko nyuma ya mgongo katika zote. Amezikuza kwenye simu mpaka zikawa ukungu. Anasema nyumba hii imeshaacha kupaka rangi, kwa hiyo utume picha nyingine, leo, mikono yote miwili iwe mbele.

Baba anakusalimu, Chiriku anakusalimu kwa kelele, na shemeji yako, mume wangu, anauliza kama lifti za huko nazo hukwama. Mungu awe mbele yako unapopanda na chini yako unaposhuka.

Anayekupenda na anayesubiri kwa hofu kuuona mkono wako,
Dada yako mkubwa.