Nilichokiona Dirishani

Mwalimu wangu,

Kibao chako bado kipo. Kile cha mninga ulichokuwa unapanda ili uifikie vizuri meza ya upasuaji, na Sista Felista akikuchokoza, "Dokta Bihemo kapanda mlimani, tuanze." Hakuna aliyekitoa. Kila asubuhi msafishaji hukisogeza, hudeki, hukirudisha palepale. Mimi ni mrefu, sikihitaji. Nasimama pembeni yake.

Nimerudi hapa Kasulu. Nilipomaliza chuo niliomba mwaka wangu wa mafunzo kwa vitendo niufanyie kwako, na wewe tayari hupo. Wenzangu waliomba Dar na Dodoma, wakaniona nimechanganyikiwa. Daktari bingwa wa upasuaji sasa huja kwa zamu kutoka Kigoma mjini, na siku asipokuwepo tunampakia mgonjwa kwenye gari. Juzi tulimpakia mama mmoja aliyeongea Kiha kama bibi yangu, tumbo limejaa kama ngoma. Nilimshika mkono mpaka mlango ulipofungwa. Ndicho nilichoweza.

Wanafunzi wa chuo bado wanaletwa, wanne wanne, na wananiuliza mimi. Mimi, Mwalimu! Nawapeleka nyuma ya jiko kukata gogo la mgomba kama ulivyotupeleka sisi, tunalichana kwa kisu na kulishona. Wauguzi hawajabadilika: "Nyie wa chuo kikuu, mgomba unaendeleaje? Umeshakunywa uji?" Nawafundisha kufunga fundo kwa mkono mmoja kwenye mpini wa birika, macho wameyafumba. Hadi hapo naweza. Kilichobaki nilikipata kwako nikakipoteza, na nilikipoteza siku ile umeme ulipokatika.

Nilikuwa mwaka wa nne. Mgonjwa alikuwa mzee wa ngiri, amechomwa sindano ya ganzi mgongoni, yuko macho. Taa ikazima, jenereta likawa linakohoa nje bila kuwaka, na mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona giza? Nimekufa?" Ukamjibu, "Umeme ndio umekufa, mzee. Wewe upo." Sista akavuta pazia lote, jua la saa nane likaingia hadi mezani. Ukainua uso. Barakoa ilikuwa imekufunika hadi puani, yamebaki macho tu.

"Unaona nini?" uliniuliza.

Ndivyo ulivyouliza siku zote. Wahadhiri wetu wanauliza hiki ni nini. Wewe ulitaka kujua tunaona nini.

Niliona macho yako. Weupe wake ulikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa sufuria ya mawese. Wewe mwenyewe ulitufundisha wodini kwamba umanjano haujifichi kwenye jua. Ukiwa na shaka, mpeleke mgonjwa dirishani. Sikuwa na shaka. Hata suruali ilikuwa imeanza kukulegea, umeifunga kwa bandeji, na sisi tukacheka. Na siku yetu ya kwanza kabisa ulituambia: "Ukishavaa glovu, humu ndani hakuna mzee wala mtoto. Ukiona kitu, sema."

Nikasema, "Neva, Mwalimu. Imelala juu ya mshipa."

"Vizuri, mwana wanje." Mwanangu, kwa Kiha chako. Ukainama, ukaendelea kukata.

Bibi yangu, aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, alinilea nikijua kwamba binti hamkazii mtu mzima macho. Anamsalimia kwa kupiga makofi taratibu, anatazama chini. Mimi nilikuwa nimekukazia macho. Kilichonijia kwanza, kabla ya ini, kabla ya nyongo, kabla ya kongosho, kilikuwa aibu. Jioni nikajisemea nitakwambia kesho. Kesho ulikuwa na wagonjwa wengi. Kesho kutwa Sista alikuwa karibu. Halafu basi la chuo likaja kutuchukua, ukatupungia mkono ukiwa getini, nami nikakupungia.

Ulipolazwa nilikuwa kwenye mitihani. Sista aliniandikia kwenye simu: wamemfungua Mwanza wakamfunga hivyo hivyo, uvimbe ulitoka kwenye kongosho, umeshafika kwenye ini. Ujumbe wake uliofuata ulikuwa mfupi. "Tumemzika kwao, Muyama."

Nilimwuliza mhadhiri mmoja, bila kukutaja: mgonjwa wa namna hii angewahi miezi miwili mitatu, angepona? Alivua miwani akaifuta. "Pengine," alisema. "Pengine isingesaidia kitu." Tangu siku hiyo naishi ndani ya neno hilo, nalizunguka, silioni mlango.

Najua ulikuwa na kioo cha kunyolea. Huenda uliona kabla yangu, ukaogopa kama wanavyoogopa wagonjwa wote. Hilo nalo halinipi nafuu. Anayeogopa ndiye anayehitaji mtu wa kumwambia.

Niliporudi nilikwenda kumsalimia Mama, mkeo. Alinipikia ugali wa muhogo na maharage, akanipeleka kaburini. Kivuli cha migomba kimeanza kulifikia. Akaniuliza, bila ukali wowote, "Mwanangu, nyie mlikuwa naye kila siku. Kweli hakuna aliyeona?"

Nikatazama chini. "Hapana, Mama."

Mara ya pili, Mwalimu.

Jana nilikuwa nashona mguu wa mtu aliyejikata kwa panga shambani. Mwanafunzi mmoja, Asnath, wa mwaka wa tatu, amekuja na Kiswahili chake cha Dar, akasema mbele ya wote, "Dada dokta, samahani, glovu yako imechanika." Kirahisi vile, kama anayeniambia kamba ya kiatu imefunguka. Nikamkaripia: "Shika mkasi wako!" Kisha nikainua kidole, nikaona damu ya mgonjwa imeingia hadi kwenye kucha. Nikavua, nikanawa, nikavaa nyingine. Sikumshukuru. Asnath hakusema neno tena hadi tulipomaliza, na nilipomtazama alikuwa anatazama chini. Nilimtambua huyo msichana. Nilikuwa nimemtengeneza mimi, kwa maneno matatu.

Leo asubuhi nimemwomba radhi mbele ya wenzake. Akacheka: "Usijali, dada, kawaida." Nilitaka kumwambia si kawaida.

Jumamosi nitapanda gari la Muyama. Nitamkalisha Mama, nami nitakaa, nitamwambia nilichoona, siku ile, kwenye jua lile, na kwamba nilinyamaza. Sijui atafanya nini. Akilia sina dawa. Akinifukuza nitatembea hadi barabarani. Hakuna kitakachokurudisha kwenye kibao chako, na sina hakika kama nitakachofanya ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Lakini nakuahidi, sitatazama chini.

Pumzika sasa. Swali lako nimelibeba muda mrefu, na jibu nililokupa halikuwa jibu. Niulize tena, Mwalimu. Unaona nini?

Naona macho yako yamekuwa ya manjano. Weka kisu chini. Njoo hapa dirishani.

Mwanao,
Domitila